Nilichora yai na nyoka Jeddah, nusura nifungwe kwa uchawi

Wakuu, habari za muda huu. Hii si chai, yalinikuta mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Ni ile miaka ya 2010 na kitu, maagenti wa kazi za ndani Uarabuni wamejaa Nairobi. Nyumba ya kwanza, Riyadh, nilirudishwa ofisini kwa agenti baada ya mwezi. Nikapelekwa Jeddah, Al-Hamra, kumtunza baba yake madam wangu mpya.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, macho yamechoka, Kiingereza kimenyooka kuliko changu.

Kila alasiri nilimsomea kitabu kuhusu dini za siri za Wagiriki wa kale. Mimi Mkristo wa Kitale, nasoma habari za miungu kwenye nyumba ya Waislamu! Nilikuwa naomba kimoyomoyo kabla ya kufungua.

Kumbe ni hadithi tamu. Walisimulia kwamba mwanzoni kulikuwa na yai. Likapasuka, akatoka mungu wa kwanza mwenye mabawa, akaanzisha vingine vyote.

Kulikuwa na picha ya yai limezungukwa na nyoka. Mzee haioni. Nikamchorea kubwa kwa marker, akaifuata kwa kidole, akacheka hadi akakohoa. Nikaiweka chini ya godoro langu isikunjike.

Akili zangu hizo!

Ijumaa moja mzee yuko msikitini, madam akapekua chumba changu. Akatoka ameshika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Sihiri!"

"Mafi sihiri, hakuna uchawi, madam! Ni kitabu cha baba."

Hasikii. Akampigia mumewe, wakataja polisi. Wakuu, kule kesi ya uchawi si mchezo. Nilikaa sakafuni jikoni nikimuwaza mwanangu, ataambiwa nini kuhusu mamake.

Mzee akarudi, akaisogeza karatasi karibu na jicho.

"Halas, basi. Kama ni uchawi, polisi wanichukue mimi. Mimi ndiye nilimwambia asome."

Akaniagiza nilete kitabu, nisome palepale, yeye amtafsirie bintiye. Nikasoma: majitu yalimla mungu mtoto, yakapigwa radi, na kwenye majivu yao wakatokea binadamu. Ndiyo maana, walisema, kila mtu ana ubaya ndani yake, na ana kitu cha kimungu pia.

Madam akasema nikapumzike. Samahani haikutoka, lakini hakupekua chumba changu tena.

Nilimaliza mkataba wangu wa miaka miwili, nikarudi nyumbani mzima.

Funzo kwa mnaoenda: chochote unachofanya na mzee au mtoto wa nyumba ile, madam akione kwanza.

Mzee alikuwa mtu wa sala tano, hadithi ya yai hakuiamini hata kidogo. Mimi aliniamini. Namshukuru mpaka leo.

Na wewe uliyekuwa huko, nani alikusimamia siku mbaya? Mtaje hapa chini, tumshukuru pamoja.