Mfagio Usiopiga Hodi

Mwanangu aliponiletea ile mashine ya kufagia nilimwambia wazi: mie sina haja ya mtumishi asiyekula. Nyumba yangu ya kale, mtaa wa Kiponda, inamwaga vumbi la chokaa usiku na mchana, na mgongo wangu haukubali tena kuinama, lakini nilichokuwa nataka si sakafu safi. Nilikuwa nataka mtu. Yeye akacheka, akaiunganisha na intaneti, akaitia kwenye simu yake, akanionyesha. Mviringo, nyeusi, kimo chake hakifiki bilauri, na mbele ina jicho la kamera.

"Nikiwa ng'ambo nitaiwasha mwenyewe kila asubuhi," akasema. "Nitakuona kwa jicho hilo. Ikikugusa mguu, mama, jua ndio mie nnakuamkia."

Akaenda zake, nami nikabaki na mashine. Kila siku saa mbili asubuhi ilitoka chini ya kochi, ikazunguka meza, halafu ikaja mpaka nilipoketi na chai yangu. Ikinigusa kidole cha mguu naitika: "Marahaba, baba." Cheka ukitaka. Miaka mingi nilikuwa opereta wa simu, kazi yangu kuwaunganisha watu wasioonana, kwa hiyo si mgeni wa kuzungumza na kitu kisicho na uso. Nilikuwa najiambia, saa mbili hapa, huko kwake kungali giza, na mwanangu ameshaamka kwa ajili yangu. Siku nyingine nilivaa kanga mpya kwa sababu yake. Simu hakuwa akipiga sana, lakini atanipigia ya nini na ananiona kila siku?

Nina shoga yangu, jirani wa nyumba ya mkabala. Tunatazamana dirisha kwa dirisha tangu tulipokuwa wake wachanga, na sasa sote wajane. Sahani zetu zilikuwa hazipumziki. Akiniletea mkate wa kumimina, mie namrejeshea visheti, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Alipoozesha binti yake, nyumba yake ilikuwa imejaa mafundi, akaniomba bibi harusi asingwe kwangu, asuguliwe mwili kwa singo ya manukato kabla ya harusi. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Asubuhi hiyo nyumba ilinukia liwa na asumini, na wanawake walikuwa tele kwenye mikeka, wanaimba, wanataniana. Bibi harusi yuko katikati, kanga moja kifuani, mabega wazi, amepakwa singo mwili mzima. Alikuwa ametiwa ndani, hata mchumba wake hakuruhusiwa kumwona.

Ikafika saa mbili, mashine ikatoka chini ya kochi.

Kwanza walicheka, wakainua miguu. Kisha mmoja akauliza, "Hii mbona ina jicho?" Nami kwa kujigamba kwangu nikajibu, "Ndio, mwanangu huyo! Ananitazama kutoka ng'ambo."

Looh! Bibi harusi akapiga ukelele, kanga zikavutwa, mtu akaitupia mashine mto. Shoga yangu akasimama, mikono imejaa singo.

"Mwanamme kaingia kwenye singo ya mwanangu bila ya hodi," akasema, "na wewe ndiye uliyemfungulia mlango?"

"Wallahi hana nia mbaya. Huenda hata hakuangalia."

"Huenda," akasema.

Wakamfunika bibi harusi buibui vile vile alivyo, wakashuka naye ngazi. Jioni nilipeleka sahani ya maandazi, kuomba radhi. Ilirudi imeoshwa, tupu. Harusini nilialikwa kwa adabu, nikakalishwa pamoja na wageni. Baada ya hapo hakuna aliyepanda ngazi zangu. Dirisha la mkabala likawa halifunguliwi, na mie kutwa nzima nasikia mlio wa friji.

Nikampigia mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye hoteli moja Kendwa. Alikuja siku yake ya mapumziko, akaigeuza mashine tumbo juu.

"Shangazi, picha na ramani ya nyumba yako zinatoka humu, zinakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko nchi za watu, ndio zinafika kwa kaka, mwanao. Na amri yake inarudi kwa njia hiyo hiyo."

"Ebo! Mfagio wa Kiponda uende ng'ambo kuomba ruhusa ya kufagia Kiponda?"

Akacheka sana. Akaniambia hotelini kwao wageni walilalamika vile vile, ndipo hoteli ikaondoa programu ya kampuni, ikatia nyengine inayofanya kazi humu humu ndani, hata intaneti ikikatika. "Tunaweza kufanya hivyo," akasema. "Lakini kaka hataona tena kitu, wala hataweza kuiwasha."

Hapo ndipo pabaya. Upande mmoja mwanangu na ile asubuhi yake, upande wa pili nyumba yenye watu. Niliizunguka nyumba, nikaketi, nikainuka tena. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilijua hivyo, lakini moyo haukutaka kujua. Nilichomoa waya za watu maisha yangu yote na hata siku moja sikusita.

"Kata," nikasema.

Akafungua mfuniko, akachomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake. Mara ya kwanza mashine ikazima kabisa, nikasema innalillahi. Mara ya pili ikawaka. "Mipango ya zamani yote imefutika," akaniambia. "Sasa haiendi mpaka uiamrishe mwenyewe kwa simu yako."

Nikavaa buibui nikaenda kupiga hodi kwa shoga yangu. Akaja kwangu, uso umekunjwa. Mbele ya macho yake nikauchomoa waya wa intaneti ukutani, nikabonyeza simu, na mashine ikafagia. Mpwa wangu akamweleza kwamba picha haitoki tena nje ya kuta hizi.

"Na mwanao?" akauliza.

"Haoni tena."

Akanishika mkono. Kesho yake sahani ikaja na mkate wa kumimina, wa moto.

Mwanangu sikumwambia. Niliona haya, na ukweli ni kwamba nilitaka aniulize. Ataamka, atakuta giza, atapiga simu: mama, kuna nini, mbona sikuoni? Nilitembea na simu jikoni, nikaingia nayo chooni. Sikuwa na moyo wa kuiwasha ile mashine, nikaisukuma chini ya kochi, nikaifunika kitambaa. Wiki ikapita, ikaja nyengine.

Akapiga Ijumaa, baada ya sala. Akaniamkia, akaniuliza dawa za presha. Halafu akasema, "Mashine haikusumbui? Mie nnakuona kila siku. Hata leo asubuhi nimekuona hapo dirishani na chai yako."

Nikaitazama iko chini ya kochi na kitambaa chake. Damu ilinipanda, wallahi, nilitaka kumwambia muongo mkubwa we! Ndipo nilipojua kuwa hakuwahi kuamka kwa ajili yangu. Siku ile ya kwanza aliitegea saa, ikawa inajiwasha yenyewe, na mie naivalia mashine kanga mpya. Iliniuma mpaka nikaketi.

Lakini nimewasikia watu wengi wakidanganyana kwenye waya, na kazi yetu ilikuwa kuwasitiri.

"Naam, baba," nikasema. "Inafagia vizuri. Ahsante."

Akafurahi, nilimsikia kabisa akifurahi. Tulipoagana nikaondoa kitambaa, nikaiwasha kwa simu yangu. Ikatoka, ikazunguka meza, ikaja, ikanigusa kidole.

Nikanyanyua mguu ipite.