Kisogo cha Mwenye Kofia

Kazi yangu ni kutunza nguo za kale katika jumba moja la makumbusho hapa Maskati. Nyingi zinazonipitia mikononi ni vipande tu: pindo la shela, mkono wa kanzu, kitambaa kilichosalia kwa kuwa panya hawakukifikia. Lakini kofia ile ya hariri ilikuwa nzima. Ilifumwa zama za kati, na rangi yake, ambayo huenda ilikuwa nyekundu, sasa imefifia ikawa kama chai ya maziwa. Ndani, mahali palipogusa paji la uso, pana ukanda mweusi wa jasho na mafuta ya nywele. Hatukuuosha. Jasho lile ndilo lililotwambia kwamba mtu aliivaa, tena kwa muda mrefu.

Nilipewa kazi ya kuitengenezea kichwa, yaani mto wa pamba uliofunikwa kitambaa laini, ili isijikunje ndani ya kabati la kioo. Nilitengeneza mmoja, kofia ikakaa upande. Wa pili, ikanyanyuka nyuma. Wa tatu niliupima kila upande ukawa mviringo kamili, na bado mbele pakafanya mkunjo. Hariri ya umri ule ukiilazimisha hukatika, kwa hiyo nikaiacha, nikarudi nyumbani Wattaya nimechoka.

Mama ndiye niliyemwonesha picha kwenye simu. Ameshona kofia kwa mkono tangu usichana wake Unguja, na hapa Maskati hakuna harusi ya jamaa zetu ambayo bwana harusi hakuvaa kazi yake. Aliiweka simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Kofia haijulikani kwa picha," akasema. "Nipeleke nkaione."

Mkuu wangu wa kazi alikubali. Mama alikuja na abaya yake ya kutokea, ananukia udi. Nilimwomba asiiguse, naye akafunga mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride, akaizunguka meza taratibu, mara moja, mara mbili.

"Wewe umemfanyia kichwa cha mpira," akasema. "Nani ana kichwa cha mpira? Tazama mshono wa nyuma ulivyoshuka. Huyu alikuwa na kisogo. Na huyo alomshonea alikuwa akikijua."

Nilipunguza pamba mbele, nikaongeza nyuma, kidogo kidogo, yeye akiniambia "bado" na "bado". Kisha nikaivalisha. Ikakaa, bila mkunjo hata mmoja. Tukatazamana tukacheka, na kwa kitambo tulimwona mtu yule, mwembamba, mwenye kisogo kirefu, amegeuza uso.

Mama ndiye aliyetangulia kuacha kucheka.

"Huyu humjui jina," akasema, "wala hujui kaburi lake liko wapi. Umemwekea chumba cha baridi, unamshika kwa glavu. Za babaako ukazitia katika mfuko."

Baba alipofariki, mama alikaa eda chumbani mwake, na mimi ndiye niliyepanga kabati la baba. Kofia zake zilikuwa kumi na moja, zote mama alizishona. Nilidhani nikiziacha pale, mama atakapofungua kabati atavunjika upya. Nikazitoa sadaka. Mama alitoka eda, akafungua kabati, akalifunga. Hakusema neno kwa miaka mitatu, nami nikadhani amenishukuru kimoyomoyo.

Garini nilimwambia hivyo. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hukuniuliza," akasema. Basi.

Kesho yake niliwapigia simu waliopokea sadaka ile. Walikuwa wapole, lakini vitu vilikwishagawiwa zamani. Nikakumbuka kwamba moja sikuitia mfukoni. Nilimpa kwa mkono rafiki wa baba, mzee ninayemwita ami, ambaye alikuwa akiuza matunda katika soko la Mawaleh. Soko kubwa lilipohama, yeye alibaki na kiduka chake hapo hapo. Nikampeleka mama Alkhamisi alasiri.

Tulimkuta anapanga maembe, na kofia ya baba iko kichwani. Niliijua kabla sijazima gari.

"Shemeji! Mmepotea, wallahi," akasema. Kisha akaona macho ya mama yalipotua, akainua mkono kuivua. "Ichukue, shemeji. Hii amana."

"Usiivue," mama akasema haraka. "Ivae." Akamtazama tena. "Lakini inakucheza."

"Kichwa cha marehemu kilikuwa kikubwa," ami akasema, akicheka kwa haya. "Nnaitia karatasi ndani, ila upepo ukija naishika."

"Nipe siku mbili basi," akasema mama. Akatoa uzi mkobani, akamzungushia kichwani pale pale mbele ya wateja, akafunga fundo mahali ulipokutana.

Asubuhi nilimkuta dirishani, amefumua mshono wa nyuma na ule unaoshika duara la juu. Ukanda wa jasho la baba ulikuwa wazi kwenye mwanga. Nilitaka kumwambia ngoja, tuipige picha, tuandike vipimo, kwani kipimo cha kichwa cha baba hakipo mahali pengine popote duniani. Mama alikunja kitambaa, akakilinganisha na ule uzi wenye fundo, akakata. Nikaenda kuchemsha kahawa.

Tuliirudisha Jumamosi. Ami aliivaa, akainama kujitazama kwenye kioo cha gari letu, akageuka huku na huku, na kofia haikusogea. Alitaka kutupa kasha zima la maembe. Mama akakubali sita, tena akayachagua mwenyewe, akirudisha lililobonyea.

Tulipoingia barabara kuu akanigeukia.

"Ile ya uzi wa hudhurungi," akasema, "ilikuwemo mle mfukoni?"

"Ilikuwemo, mama."

"Na ya mwezi na nyota?"

"Nayo. Niliiweka juu."

"Iliingia madoa ya manjano siku ya walima wa kakaako. Uliona?"

Niliyaona. Nikamweleza yalivyokuwa, upande gani, na jinsi nilivyojaribu kuyatoa kwa limau yasitoke. Akauliza nyingine, na nyingine. Nilizikumbuka tisa. Ile ya kumi hakuna kati yetu aliyeikumbuka, na tulikuwa bado tunabishana juu yake nilipoegesha gari mlangoni.