Mke Aliyebaki Kuwa Fundi

Mtaani kwao alikuwapo fundi wa injini aliyeitwa Sikio. Jina hilo hakujipa. Alipewa na madereva, kwa sababu gari likiletwa linanguruma vibaya, yeye huinamisha kichwa juu ya injini, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, kisha akasema, "Silinda ya tatu ndiyo inayolalamika." Injini ikifunguliwa, kweli ni ya tatu.

Mkewe walimwita Mama Ringi, na hilo nalo lilikuwa na kisa chake.

Alipoolewa hakujua spana wala bisibisi. Gereji ilikuwa uani, chini ya mabati, na ndani yake meza ndefu ya mbao iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Bibi harusi yule alikuwa akimpelekea mumewe maji ya kunywa, lakini akifika harudi. Husimama pale akauliza hiki cha nini, na kile kwa nini kimekatwa, na hiki kingine mbona kina mikwaruzo. Siku moja Sikio alichoka kujibu. Akamtia ringi mkononi.

"Haya, fanya mwenyewe," akasema, akidhani atakimbia.

Hakukimbia. Akafundishwa kwamba ringi ya pistoni ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja. Unaichopeka ndani ya silinda, unaisukuma chini kidogo kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, isilale upande. Halafu unachukua kibamba chembamba cha kupimia, unakipitisha kwenye mwanya uliobaki kati ya ncha zake mbili. Mwanya ukizidi, gari litakula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukipungua, balaa: chuma kikipata moto hutanuka, ncha zikakutana, zikakosa pa kwenda, ringi ikavunjika na kuichana silinda.

"Kila kinachopata moto kiachie nafasi," Sikio alimwambia. "Hata mke."

"Na mume je?"

"Mume mwachie chakula."

Walicheka sana siku ile, na tangu hapo kazi ya kupima ikawa ya mke. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kibamba kikipita alijua kama kimepita kwa hiari au kwa kulazimishwa. Yeye anapima, mumewe anafunga. Watu wa mtaani wakawa wanasema wale si chanda na pete tena, ni pistoni na ringi. Binti yao wa pekee alikulia chini ya meza ile, akichezea nati na bolti, mpaka akasoma, akaolewa, akaenda kuishi mbali.

Ugonjwa ulianza kwa mzaha. Sikio alikuwa ameshika spana na huku anaulizia spana. Mkewe akacheka, naye akacheka. Akasahau jina la jirani. Akatia chumvi kwenye chai. Uzee huo, walisema, nani hazeeki?

Kisha dereva mmoja wa teksi akarudi na gari ambalo walikuwa wamelimaliza juzijuzi tu. Moshi wa bluu ulikuwa ukimfuata nyuma kama mkia. Walipofungua walikuta ringi ya kati imewekwa juu chini. Ile alama ndogo ambayo lazima itazame juu ilikuwa imetazama chini. Kosa la mwanafunzi. Na aliyefunga alikuwa Sikio kwa mikono yake.

Dereva alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Sikio akaitazama ile ringi, akamtazama mkewe, na machoni mwake mkewe akaona kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona: hofu.

"Ni mimi, kaka," mke akawahi kusema. "Nilimkabidhi vibaya. Tusamehe, tutakufungia upya."

Kuanzia siku hiyo akawa anafuata nyuma ya kazi ya mumewe. Sikio akienda kuoga, yeye huzitazama ringi tena moja moja, akahakikisha miwanya yake haikupangana mstari mmoja, akakaza kilicholegea, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mara nyingine hakukuta kosa. Mara nyingine alikuta, akalirekebisha huku machozi yakimdondoka juu ya chuma.

Lakini za mwizi ni arubaini. Sikio alirudi kuchukua sabuni, akamkuta ameinama juu ya pistoni.

"Unanikagua?"

"Sikukagui, mume wangu. Nilidondosha..."

"Usinidanganye! Mimi niliyekufundisha kushika ringi, leo unanikagua mimi?"

Akatupa taulo chini, akaenda kukaa kando ya ukuta mpaka vivuli vikawa virefu. Mkewe hakuthubutu kumsogelea. Akapika, akafunika. Mwishowe Sikio mwenyewe akaja jikoni, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

"Mama," akasema taratibu, "kuna kitu kinaniibia."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kila nikitaka kukitaja, nacho kinakuwa kimeshaibwa."

Mkewe akaufunga mlango wa jikoni, akamshika mikono. Walikaa hivyo, chakula kikapoa.

Daktari aliongea nao kwa upole. Akasema akili ya mzee inafifia, na dawa zilizopo zinaweza kuupunguzia ugonjwa mwendo, lakini kurudisha kilichokwenda haziwezi. Njiani Sikio akauliza daktari kasema nini. Mkewe akamwambia. Walipofika nyumbani akauliza tena. Mara hii mkewe akasema, "Kasema upumzike."

Basi akapumzika. Aliwekewa kiti chini ya mabati, mahali ambapo upepo unapita, na mkewe akaibeba gereji peke yake, kupima na kufunga. Binti akipiga simu kuuliza hali ya baba, anajibiwa, "Hajambo. Mzee tu." Yule aliyekuwa akiitwa "mke wangu" akawa "mama", "mama" akawa "dada", na "dada" akawa "wewe". Hakumweleza mtu. Angemweleza nani, na angeanzia wapi?

Ndipo mwoka mikate wa mtaa wa nyuma akaleta gari lake. Injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa. Silinda zikapelekwa kuchongwa, pistoni mpya za saizi kubwa zaidi zikaja, na asubuhi moja Mama Ringi akaanza kupima. Kwanza pistoni zenyewe: akaigeuza ya kwanza bila ringi, akaishusha ndani ya silinda sambamba na kibamba kirefu, akakivuta kibamba taratibu. Kikatoka kwa kusitasita kidogo, kama kinavyotakiwa. Nyingine nazo hivyo hivyo. Lakini ringi zilikuwa zinabana. Kibamba kilikataa kupita.

Akabana tupa kwenye jiliwa la mezani, akaanza kusaga ncha ya ringi. Akapima. Bado. Akasaga tena. Mara akasikia kiti kinalia nyuma yake. Sikio alikuwa amesimama.

"Lete," akasema.

Sauti ilikuwa ile ya zamani. Mkewe akampa ringi. Sikio akaichopeka kwenye silinda, akachukua pistoni, akaigeuza, akaisukuma ringi ikae sawa, akachagua kibamba bila kukitafuta. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

"Bado inabana," akasema. "Saga ncha moja tu, nyingine usiiguse. Na usage kuelekea ndani, usivute kuelekea nje, utaibanjua."

"Sawa."

Akasaga kama alivyoambiwa. Sikio akapima tena. Kibamba kikapita. Akatabasamu, akampa ishara alete nyingine, wakaendelea hivyo, ringi baada ya ringi, bega kwa bega kwenye meza yao. Mama Ringi hakutaka hata kupumua kwa nguvu. Aliogopa asije akakishtua kile kilichorudi. Moyoni alikuwa ameanza kusema: amerudi, Mungu wangu, amerudi.

Walipomaliza, Sikio alimtazama kwa makini, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vyenye oili.

"Una mkono mzuri, dada," akasema. "Nani kakufundisha?"

Mama Ringi akaishika meza.

"Mume wangu," akajibu.

"Naye ni fundi?"

"Ni fundi. Hakuna kama yeye."

"Yuko wapi siku hizi?"

Akatazama ringi zilizopangwa mbele yake. "Yupo," akasema. "Hayuko mbali."

"Msalimie sana. Mwambie kazi yake nimeiona." Kisha Sikio akageuka kuelekea mlango wa nyumba, uso umeanza kuingiwa na wasiwasi. "Mimi nina mke, na yeye anapenda kazi hizi. Sijui amechelewa wapi. Akija, mwambie nipo hapa namngoja."

"Nitamwambia."

Akarudi kwenye kiti chake. Mama Ringi akafungua bomba, akajifanya ananawa mikono, maji yakamwagika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Injini ya mwoka mikate ilipowashwa ilinguruma vizuri, bila moshi, bila kelele ya ajabu. Mwenye gari akashangilia. Sikio aliziba masikio kwa viganja viwili na kulia kama mtoto, mpaka mkewe akaomba injini izimwe.

Hakugusa ringi tena baada ya hapo. Kila siku aliuliza kama mkewe amekuja, na kila siku aliambiwa yuko njiani. Msimu wa baridi ulipoingia alishikwa na kifua, akalazwa, akafariki asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na yeye akiwa hajui ni mkono wa nani.

Watu walijaa. Madereva walikuja na magari yao, mwoka mikate akaleta mikate ya waombolezaji, na kila mtu akampa Mama Ringi pole. Aliitikia zote, macho makavu. Wengine walinong'ona kwamba mama huyu ana moyo wa chuma.

Wageni walipotawanyika, binti alimkuta mama yake gerejini, anasugua bolti za mteja kwa brashi.

"Mama, hata leo?"

"Nikae nifanye nini?"

Binti akavuta kigoda, akachukua bolti moja, akaanza kuisugua. Ndipo mama yake akamweleza yote: ringi iliyowekwa juu chini, ugomvi wa taulo, siku ile ya pistoni za mwoka mikate. Akamweleza jinsi alivyoambiwa amsalimie mume wake, na jinsi mzee alivyokuwa akimngoja mkewe kila siku.

"Mbona hukuniambia?" binti akauliza. "Nilikuwa nakupigia simu kila mara!"

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako ananiita dada? Kwamba ndani ya nyumba yangu nimekuwa fundi wa kuajiriwa? Msiba wangu mimi ulianza zamani, mwanangu. Ila hakuna aliyekuja kukaa matanga."

Binti aliweka bolti chini.

"Lakini Mama," akasema, "alikuwa anamngoja nani?"

"Mkewe."

"Mkewe ni nani?"

Brashi ikamtoka Mama Ringi mkononi, ikaanguka ndani ya karai la mafuta ya taa.

"Mimi," akasema. "Alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwapo."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama juu ya karai, na binti yake akamkumbatia kwa nyuma bila kujali oili. Majirani walisikia, wakatoka milangoni, wakaanza kuja mmoja mmoja kukaa naye.