Chombo cha Nyuma Hupunguza Mwendo

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mdomo ninao. Wanafunzi wangu huku Matombo wanajua kwamba kunibishia darasani ni kujitakia balaa, na kwa miaka mingi nilijivunia jambo hilo, nikidhani ndiyo heshima.

Shule yetu ilipopata nafasi moja kwenye mashindano ya sayansi mjini Morogoro, nilimchagua binti wa kidato cha tatu, mpole, ana akili sijui kaitoa wapi. Mada yetu ilikuwa jinsi chombo cha angani kinavyokifuata kingine hadi vikaungana, vyote viwili vikiizunguka dunia. Nilimfundisha kwamba cha nyuma kinawasha injini, kinaongeza mwendo, kinakifikia cha mbele. Kesho yake akaja na mchoro wake. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kikiongeza mwendo kinapanda juu, njia yake inakuwa ndefu, kinazidi kuachwa. Kwa hiyo kwanza kipunguze mwendo, kishuke kidogo kuelekea dunia, kwa sababu huko chini njia ni fupi na kasi ni kubwa. Kikishakikaribia cha mbele, ndipo kipande juu tena.

Nikamjia juu mbele ya darasa zima. Nikamuuliza tangu lini mtu akawahi kufika kwa kukanyaga breki. Wenzake walicheka mpaka wakagonga madawati. Nikauchana ule mchoro. Akasema samahani mwalimu, akakaa, na tangu siku hiyo akakariri maneno yangu kama nilivyoyasema.

Asubuhi ya mashindano tulikuwa Bigwa, pembeni ya mji, kwa dada yangu, tulikolala. Binti alikuwa anapiga pasi sare yake. Mimi nikafungua simu nisome kidogo, nisije nikaumbuka kwa maswali ya majaji. Nilisoma, nikarudia kusoma. Mtoto alikuwa sahihi. Nikaiweka simu kitandani.

Ningemwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu chumbani, hakuna wa kutusikia. Lakini niliogopa, tena sana. Nililiona darasa zima likijua kwamba mwalimu alichana jibu la kweli kwa mikono yake. Nikamwambia tu avae haraka, tunachelewa. Njiani nikajipa moyo kwamba huenda wasimuulize.

Wakamuuliza. Jaji mmoja, mama mhandisi, alimsifu kwanza kwa maelezo yake, halafu akasema kwa upole, "Cha nyuma kiko njia ile ile moja na cha mbele. Kinaanza kwa kufanya nini?"

Mshindi angekwenda Dodoma kushindana na wa mikoa mingine, na binti yule alishaniambia kwamba maisha yake yote hajawahi kuvuka Dumila, njiani kwenda huko. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nikamkazia macho kwa nguvu zangu zote, nikimwomba kimoyomoyo aseme lake, asahau langu.

"Kinaongeza mwendo," akasema.

Jaji akamuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo. Jaji akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamshukuru. Washindi walipotajwa, shule yetu haikutajwa.

Tulipotoka nje kusubiri gari la kurudi, nilimwambia. Nilisema mchoro wake ulikuwa sahihi na kwamba nilijua hivyo tangu asubuhi. Hakushangaa. Alisema naye alijua siku zote, na pale jukwaani alikuwa ameshaamua kutoa jibu lake mwenyewe.

"Sasa kwa nini hukulitoa?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuangalia kwanza, mwalimu. Nikaona umenikazia macho."