Mawese Kwenye Cheni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika zahanati ya Simbo mapema mno, shati limepigwa pasi, mlango bado umefungwa. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ambaye wote tulimwita Mama Mganga, alinikuta nimekaa juu ya pikipiki ya zahanati nikijifanya nakata kona. Hakucheka. Alinipa ufunguo na mfuko wa turubai.

"Hii ndiyo miguu ya chanjo," akasema. "Ikilala, watoto wanarudi nyumbani bure. Gereji iko mbali, kwa hiyo fundi ni wewe."

Fundi mimi, wa kidato cha pili! Usiku ule nililala na ufunguo chini ya mto.

Nyie mnaoanza leo mnafungua simu, mnaona injini inavyofunguliwa mbele ya macho yenu. Mimi nilipelekwa Ujiji kwa Fundi Mkuu, mzee ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Kila asubuhi alitandika gunia, akavipanga vifaa juu yake kama sahani za mgeni: spana ya kumi na saba ya kufungulia nati ya oili chini ya injini, spana ya plagi, bisibisi, praizi, beseni, na mswaki mkuukuu. Alinifundisha kumwaga oili injini ikiwa ya vuguvugu, ili itoke na uchafu wake. Kijiti cha kupimia oili kikitoka na rangi ya asali, endelea na safari. Kikitoka cheusi, badilisha. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe. Mafuta ya breki usiyadondoshe juu ya tangi, yanakula rangi. Na cheni huoshwa kwa mafuta ya taa, ikafutwa, ndipo ikapakwa oili nzito ya gia.

"Kila mafuta na mlango wake," alikuwa akisema. "Usipitishe mgeni dirishani."

Nilikubali kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nawaza injini za meli.

Mama Mganga alipohamishiwa Ilagala, nilihama naye, na mama yangu akaja kuishi nami. Kila siku ya kliniki nilifuata sanduku la chanjo mjini Kigoma, limejaa barafu, nikalirudisha mbio. Njia ya kule ina mchanga, cheni ikawa inalia kama kifaranga, na oili ya gia imeniishia. Jikoni kwa mama kulikuwa na dumu la mawese, mekundu, mazito, yanang'aa. Nikajiambia, kitu kinachotelezesha ugali hivi kitashindwa na cheni? Nikapaka. Kukawa kimya! Nilizunguka kijiji mara mbili nikisikiliza ule ukimya, nimejaa furaha. Kuku walipoanza kuifuata pikipiki na kuidonoa, nikadhani wameipenda.

Baada ya wiki tatu, siku ya kliniki, nikitokea mjini, cheni iliruka meno, ikatoka, ikajikaza gurudumuni. Mawese yalikuwa yamenasa mchanga hadi cheni imekuwa msasa. Jua lilikuwa kali, na barafu haingojei mtu. Akatokea mama mmoja anayetembea kwenda kliniki hiyo hiyo, mtoto mgongoni. Akainama, akanusa.

"Kaka, hii cheni umeikaangia dagaa?"

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikamwambia chanjo ya mwanawe imo ndani ya lile sanduku. Alilibeba hadi kwenye kivuli cha mchikichi, akalifunika kwa khanga yake ya pili.

Nilivuta petroli kidogo kwenye chupa, nikasugua cheni kwa mswaki, pingili kwa pingili. Oili ya kupaka sina. Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikadondosha tone la oili ya injini, nikakichovya tena, tone jingine, mpaka cheni yote ikalainika. Nikalegeza gurudumu la nyuma, nikaivisha cheni, nikalivuta gurudumu hadi cheni icheze upana wa vidole viwili, nikakaza. Mama yule nilimpakia, amelikumbatia sanduku.

Kliniki ilikuwa imejaa. Mama Mganga alitazama kipimajoto cha sanduku kwanza, ndipo akanitazama mimi. Baridi ilikuwa bado ndani ya alama zake. Alimaliza kuchoma watoto wote sindano, kisha akaniita nje. Nikasema yote.

"Mawese," akasema polepole. "Mama yako anajua?"

"Anadhani nakula sana, Mama."

Aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu, na akanituma nikaanze kwa kumwomba mama yangu msamaha, halafu nitenge rafu mbili nyumbani, ya jikoni na ya pikipiki, zisionane.

Sasa nastaafu udereva wa chanjo nikiwa na miaka ishirini na minane. Chekeni tu. Nimepata nafasi ya kujifunza injini za meli bandarini, na moyo unanidunda kama siku ile ya shati la pasi. Mtoto wa yule mama yuko darasa la kwanza, ananiita Anko Mawese mbele za watu, nami naitika.

Jana nilimkabidhi mfuko dereva mpya, binti wa Kagunga. Aliniamkia vizuri, akapokea ufunguo, akaangalia spana moja moja. Kisha, kabla ya kuniuliza lolote, akafungua kizibo cha chupa ya oili ya cheni, akainusa.