Nyuki wa Marimba ya Guatemala

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba ndani ya marimba ya Guatemala wanaishi nyuki. Nyuki hai, mmoja katika kila kijisanduku kinachoning'inia chini ya mbao zake, kazibiwa kwa nta asitoke, na ukigonga ubao wa juu yake hukasirika akavuma. Aliyenambia ni dereva mwenzangu wa kazini, aliyeiona marimba hiyo ikipigwa na mgeni mmoja kwenye hoteli ya Qurum. "Wallahi nimewasikia kwa masikio yangu!" Nami, msomi wa shule ya usiku niliyepokea cheti nikiwa na ndevu za kufagilia ukumbi, nikaisambaza habari hiyo Muscat nzima. Kila nikiisimulia, nyuki wananenepa.

Bibi yangu ndiye aliyeishikilia. Yeye kazaliwa Lindi, na utotoni mwake majirani zao Wamakonde walikuwa wakipanga mbao juu ya magogo mawili ya mgomba, watu wawili wanatazamana, huyu anapiga, yule anajibu. Tangu ahamie Oman hajaisikia tena marimba yao hiyo. Na sasa masikio yake yalikuwa yanakwenda. Daktari kashasema la kushoto basi, na la kulia safari yake fupi.

"Huyo mtu wa hoteli mlete," akanambia. "Nnataka kuisikia kabla hamjaanza kuniandikia kwenye karatasi."

"Bibi, ina nyuki."

"Nyuki na wewe, nani msumbufu zaidi? Mlete!"

Nikamfuata Qurum. Mguatemala wa makamo, mpole, Kiarabu chake cha kuokoteza hotelini lakini kinafika. Nilipomweleza habari za bibi, aliuliza jambo moja tu: mlango wenu mpana kiasi gani?

Ijumaa baada ya alasiri akaja kwetu Mabela na marimba ndefu kama treni. Kuiingiza sebuleni nusura tuvunje ukuta. Mimi nilikuwa tayari: madirisha nimeyafunga, watoto nimewavisha mikono mirefu, na kopo la asali ya milimani nimelinunua Darsait, chakula cha nyuki wa watu.

Akapiga. Sauti ikatoka tamu, na chini yake mvumo, kama nilivyoahidiwa. Watoto wakapanda makochi. Bibi kakaa vile vile, uso haujagutuka.

"Mbona haanzi?" akauliza.

Tumechelewa, nikajisemea. Mgeni akaona, akaniashiria nisogeze kiti cha bibi hadi upande wa mbao nene, nimwekee kiganja kwenye fremu. Akarudi kupiga, zile nzito za chini, taratibu. Bibi akainamisha sikio la kulia. Vidole vikaanza kucheza. Ghafla akamkatiza:

"Aa! Hapo anajibiwa. Mbona anajipigia peke yake kama mjane?"

Nikatafsiri. Mgeni akacheka, akampa fimbo ya pili yenye kichwa cha mpira. Bibi akajibu. Akakosea, akamlaumu mgeni, akajibu tena. Sijapata kumwona bibi yangu msichana ila siku ile, na hadi leo namshukuru Mungu kwa robo saa hiyo kuliko kwa cheti changu.

Kwenye kahawa mgeni akatueleza kwamba kwao wazee husema marimba ililetwa na Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu, kisha wenyeji wa milimani wakaipokea wakaifanya yao. Za kale bado zina vibuyu chini.

"Sisi mgomba, wao vibuyu," bibi akasema. "Basi mwambie asile halwa kigeni-geni. Ajaze mkono."

Alipokuwa anafungasha nikamkabidhi kopo. "Ya nyuki wako."

Akalitazama kopo, akanitazama mimi, akakilaza kijisanduku kimoja. Chini pana kitundu, kimebandikwa kingozi chembamba.

"Hakuna nyuki, sheikh. Ni utumbo, umegandishwa kwa nta, ndio unaovuma. Kwetu huwa wa nguruwe. Hii ya leo yote nimeibadilisha kabla sijaja, nimeweka wa kondoo."