Mpira wa Ikram na Jibu la Mwalimu Yusta

Katika uwanja wa tenisi wa nje kidogo ya Korogwe, mistari haipakwi chokaa, maana huondoka na mvua ya kwanza. Badala yake hutandazwa kamba za katani, zikapigiliwa misumari kwenye udongo ulioshindiliwa. Mpira ukiangukia kamba hutoa mlio mdogo, mkavu. Wachezaji wa hapa husema, "Kamba imelia," mpira ukahesabiwa ndani, na ubishi huishia hapo. Mgeni hausikii.

Yusta Deogratius, miaka 43, ameujua mlio huo tangu utotoni, alipokuwa akiwaokotea mipira mameneja wa shamba la mkonge lililomleta babu yake huku. Baadaye alicheza tenisi ya kulipwa miaka tisa, Nairobi, Kampala na Lusaka, mpaka goti la kulia likakataa. Akarudi kufundisha. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuingiza mchezaji hata mmoja timu ya taifa ya vijana.

Jumamosi moja ya Juni, mwanafunzi wake mmoja alibakiza pointi moja tu ashinde. Asnath Mdoe wa Kwamsisi, Handeni, miaka 17, aliongoza seti ya mwisho 5-4, na gemu 40-30, dhidi ya Ikram, msichana kutoka Tanga mjini. Mshindi angeingia timu hiyo ya taifa. Mwakani Asnath angekuwa amevuka umri.

Ikram alipiga mpira mrefu, ukatua mwisho wa uwanja. Asnath akainua kidole.

"Nje."

Mashindano haya hayana waamuzi wa mistari. Kila mchezaji huamua upande wake. Ikram alishaanza kwenda wavuni kutoa mkono. Lakini msimamizi wa mchezo, mzee Mathias, alikuwa na shaka. Kocha haruhusiwi kusema neno mpaka aulizwe, naye mzee akamgeukia Yusta.

"Mwalimu, wewe umekaa karibu. Kamba imelia?"

Paulina, mama yake Asnath, alikuwa pembeni ya Yusta. "Sema hukusikia," alinong'ona. "Mwenye mpira mwenyewe amekubali."

Asnath hakumtazama msimamizi. Alimtazama mwalimu wake. Mlio ule aliujua vizuri.

"Imelia," Yusta alisema.

Ikawa 40-40. Asnath alikosea mipira miwili ya kuanzisha mfululizo, kisha pointi iliyofuata akapiga mpira wavuni. Gemu mbili zilizofuata zilikwisha haraka. Ikram alishinda 7-5.

"Haya," Paulina alisema, akikusanya vitu vyake. "Sasa hiyo timu utaichezea wewe, na goti lako?"

"Mzee aliniuliza, mama Asnath."

"Na mimi nilikuomba."

Jumatatu Asnath hakuja mazoezini. Jumanne pia. Jumatano saa kumi jioni aliingia, akampita mwalimu wake bila shikamoo, akasimama upande wa mbali.

Yusta aliinama kikapuni, akatoa mpira.

"Unataka nianze polepole?"

"Piga tu, mwalimu."

Akampigia mgumu.